Tembe Niliyoipiga Lipu

Ninyi mnaosomea ujenzi kila mkinitembelea mnaniuliza habari za saruji: mchanga wa wapi unafaa, ndoo ngapi kwa mfuko mmoja, ukuta umwagiwe maji siku ngapi. Hayo yote nitawaambia, maana nimeshika mwiko miaka mingi kuliko niliyoishi bila kuushika. Lakini msipoijua nyumba iliyokuwepo hapa kabla ya saruji, mtaua watu. Sitii chumvi. Mimi nimeua mtu mmoja kwa mikono hii, sikupelekwa polisi, wala hakuna aliyeniuliza swali.

Nyumba yenyewe ni tembe. Wengi wenu mmeiona kwenye picha tu, mkadhani ni kibanda cha udongo chenye paa bapa, basi. Kosa hilo si lenu peke yenu. Zamani tulipelekwa kazi Kolo, kule Kondoa, ambako baadhi ya tembe zimeegemea mteremko kiasi kwamba upande wa nyuma paa linakutana na ardhi. Tulikuwa na bwana mmoja wa ofisini, mgeni wa nchi hii, aliyevaa viatu vya kung'aa. Alikuwa anatembea huku anatueleza ubaya wa nyumba za asili, mara sauti ya mama mmoja ikatoka chini ya miguu yake ikimwomba atoke, maana udongo unaingia kwenye mboga. Bwana yule alikuwa amesimama juu ya nyumba ya watu akiisema vibaya. Tulicheka mpaka fundi mkuu akatukaripia, naye machozi yanamtoka.

Tembe, wanangu, ni nguzo. Kuta hazibebi kitu. Nyumba zenu za tofali, ukuta ndio unaobeba paa, kwa hiyo ukuta ukiwa mzima unalala usingizi. Tembe inabebwa na nguzo zenye panda juu, zimefukiwa chini hadi magotini, mihimili imelala kwenye zile panda, juu ya mihimili fito, juu ya fito matawi na majani, halafu udongo. Udongo ule si mchezo. Ukinyeshewa unakuwa mzito mara mbili, na kila mwaka mwenye nyumba anaongeza kidogo pale panapovuja, akipenda udongo wa kichuguu kwa sababu unashikana na haupitishi maji upesi. Baada ya miaka ishirini mtu analala chini ya shamba zima. Ukuta ni fito zilizofumwa katikati ya nguzo na kujazwa udongo, wa kuzuia upepo na macho ya watu. Ungeweza kuubomoa ukuta wote wa mbele na paa likabaki palepale.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Chidawali wa hapa hapa Ihumwa. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye pengo mbele, na alipima kila kitu kwa mkono wake toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Ukimletea futi ya chuma aliitumia kujikunia mgongo. Nguzo zangu za kwanza nilizisimika na maganda yake, kwa uvivu. Mzee aliniona toka nguzo ya kwanza. Akaniacha nichimbe mashimo yote, nisimike zote, nishindilie, nijifute jasho, ndipo akaniambia nizing'oe. Mchwa huanzia kwenye ganda, akasema, na kama nataka kuwalisha mchwa niwalishe kwangu. Mkewe, Mama Eliya, alikuwa amekaa anapeta mtama, akacheka hadi ungo ukamponyoka. Lakini jioni alinipa uji kwenye kibuyu kikubwa zaidi ya cha mumewe, akaniita mwanangu. Mama yangu mzazi alikuwa ameshafariki. Toka siku hiyo sikuwahi kumwita jina jingine ila mama.

Kazi ya nguzo ilikuwa yetu wanaume. Kukandika ilikuwa kazi ya wanawake. Kila mwaka kabla ya mvua Mama Eliya alikanda udongo na kinyesi cha ng'ombe, akaipaka nyumba nzima kwa viganja, ndani na nje, toka chini hadi anapofika. Ilimchukua siku nyingi. Mimi niliona ni urembo tu, sawa na mtu kujipaka mafuta. Mzee Chidawali hakuwahi kunisahihisha, nadhani kwa sababu hakujua kama kuna mtu mzima asiyeelewa jambo lile. Mama alipofika kwenye nguzo aliibonyeza. Palipokuwa na njia ya mchwa alikwangua na kumwita mumewe. Pakiwa na ufa mpya alisimama na kutazama juu kujua ni mhimili gani umeshuka. Nguzo iliyooza ilibadilishwa mwaka ule ule, nyingine ikasimikwa pembeni yake, maisha yakaendelea. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa inakaguliwa kila mwaka, kila shubiri, na mtu anayelala ndani yake. Hilo nililielewa nikiwa nimechelewa sana.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Ninyi hamkuwepo, na waliokuwepo wanaisimulia kama sikukuu. Kabla yake, saruji ilikuwa ya kibali. Unakwenda mjini kwenye duka la vifaa, mzee wa Kihindi mwenye duka anatikisa kichwa hata hujamaliza kumwamkia, unarudi na kofia yako. Biashara ilipofunguliwa, duka lile lile likawa na mifuko imepangwa hadi barazani, mabati yanametameta, misumari ya kila saizi, na mzee yule akawa anatuita sisi kwa majina. Malori yakawa yanashusha mabati mpaka Nzuguni, ambako wakati huo palikuwa mashamba na vichaka. Kila aliyeuza ng'ombe alirudi na bati.

Hapo tembe ikawa aibu. Maofisa walikuwa wameisema vibaya siku nyingi, tuliwazoea. Safari hii waliosema ni watoto wetu. Kijana akipata kazi mjini hataki rafiki zake wajue alikozaliwa. Kuna binti wa jirani aliyeposwa na familia nzuri yenye ng'ombe wengi, akauliza paa ni la nini, alipoambiwa ni udongo akakataa posa. Wazee walimsikitikia bwana harusi kama mgonjwa.

Mimi wakati huo nilikuwa nimejifunza uashi wa saruji kwenye majengo ya serikali. Nikaona mwanya. Wapo watu wasioweza kujenga upya, lakini mifuko michache ya saruji wanaipata. Nikabuni mtindo wangu: napigilia waya wa kuku kwenye kuta za tembe kwa misumari mirefu, ili saruji ipate mahali pa kushika, kisha napiga lipu nzito, nalainisha, nachora mistari ya tofali kwa ncha ya mwiko. Ukisimama barabarani unaapa ni nyumba ya tofali za kuchonga. Watu walikuja kutazama. Niliitwa Fundi Mika Lipu, na sikukataa. Mzee Chidawali alikuwa ameshazikwa miaka miwili nyuma. Nilijiambia angekuwepo angenisifu. Uongo. Angeninyang'anya mwiko.

Eliya, mtoto wao wa pekee, alikuwa karani mjini. Alitaka kumjengea mama yake nyumba ya bati. Mama akakataa kabisa, akasema nyumba ya mzee wake haibomolewi yeye angali hai. Walivutana karibu mwaka mzima, Eliya akawa haji nyumbani, anatuma watu tu. Jambo lile liliniuma, kwa sababu wote wawili walikuwa ndugu zangu. Nikaenda kwa mama nikamwambia iko njia ya tatu: nguzo za mzee zibaki, paa la mzee libaki, mimi niivalishe nyumba saruji. Eliya atafurahi. Na wewe mama, nikamwambia, umri umekwenda, hutakandika tena maisha yako yote.

Alitazama viganja vyake. Akaniuliza, "Na nitajuaje ikiumwa?"

Nikamwambia saruji haiumwi.

Ile kazi niliifanya kwa mapenzi kuliko kazi yoyote. Sikutaka msaidizi. Nilipiga lipu nje na ndani, nikaziba kila ufa, nikapandisha saruji hadi ilipokutana na paa, nikazungushia sakafu ya saruji kwa nje kama wafanyavyo mjini. Eliya alikuja siku ya mwisho na soda kreti zima. Alizunguka nyumba mara mbili akipapasa ukuta, kisha akamkumbatia mama yake, jambo ambalo kwetu mtu mzima halifanyi mbele za watu. Niliona nimewapatanisha. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu hata nikifa leo nimefanya kitu.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kazi. Udongo unapumua. Ukilowa leo, kesho jua na upepo vinaukausha. Saruji haipumui hivyo. Maji ya paa la tembe yanaingia juu, kwenye ule mshono wa udongo na saruji ambao hakuna fundi duniani anayeweza kuuziba, yanashuka nyuma ya lipu, yanafika chini yanakaa. Ile sakafu yangu ya nje iliyazuia yasitoke. Nguzo zikawa zimesimama kwenye unyevu mwaka mzima, gizani, na mchwa hapendi kitu kingine zaidi ya hicho. Alikula kwa raha. Njia zake hazikuonekana kwa sababu mimi nilimjengea ukuta wa kujifichia.

Mwaka wa kwanza haukuwa na tatizo. Mwaka wa pili mama aliniita. Nilimkuta amekaa ukutani kwa ndani, ameweka sikio. Tukaamkiana kwa lugha yetu, mbukwa, mbukwa, nikampa shikamoo yake, akaniambia kuna kitu kinatafuna mle. Nilimsikiliza kama mtu anavyomsikiliza mzee aliyebaki peke yake. Nikagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukalia imara, saruji yangu safi. Nikamwambia ni panya. Akaniomba nitoboe kidogo tu pale kwenye nguzo ya jikoni atazame. Nikakataa kwa upole, nikamwambia nitaharibu ukuta na Eliya atasikitika. Ukweli ni kwamba kiraka kwenye lipu huwa hakifichiki, na watu walikuwa bado wanakuja kuitazama nyumba ile kabla ya kunipa kazi. Sikutaka kiraka.

Mara ya pili aliniita kwa sababu mlango unagoma. Ulikuwa unakwama juu, kona ya kulia. Nikaja na randa, nikauvua mlango, nikauranda kona hiyo, nikaurudisha, ukafunga vizuri kabisa. Nikaufungua na kuufunga mara tatu aone. Alinishukuru, lakini macho yake yalikuwa juu kwenye mhimili, hayakuwa mlangoni. Nami nilikuwa nakusanya maranda sakafuni nisimwachie uchafu.

Shikeni hili hata mkisahau mengine. Mlango uliokuwa unafunga ukianza kugoma, weka randa chini. Mlango haukui. Ni nyumba inayoshuka juu yake. Mzee Chidawali angeliona kabla hajavuka kizingiti, na mimi niliyefundishwa naye miaka kumi na moja niliranda mlango.

Mvua ya mwaka uliofuata ilikuwa ndefu. Siku ya tatu ya mvua, mchana, mama akiwa anapika, nguzo ya jikoni ilikatika na paa likafuata. Tulisikia kishindo toka shambani. Nilipofika, jambo la kwanza nililoliona ni kwamba kuta zilikuwa zimesimama. Lipu yangu ilisimama na mistari yake ya tofali, nyumba imejaa udongo mpaka madirishani. Tulichimba kwa majembe, kisha kwa mikono tusimuumize. Tulimpata chini ya mhimili. Alikuwa amekwisha.

Wanaume walipombeba kwenda kwa jirani mimi nilibaki nasafisha. Nilishika kipande cha ile nguzo. Nguzo ya katikati ya nyumba ilikuwa ya mpingo, hiyo mchwa walikuwa wameishindwa, lakini kina mzee walikosa mpingo wa kutosha na nyingine, pamoja na hii ya jikoni, zilikuwa za miti ya kawaida. Hizo nilipoziminya zikawa unga. Zilikuwa ganda la saruji na unga ndani. Kando ya ukuta palikuwa na kisahani chenye unga wa mahindi uliochanganywa na sumu ya panya. Mama alikuwa ameniamini. Nilikitupa kisahani kile chooni kabla Eliya hajafika toka mjini.

Kwenye mazishi mchungaji alisema Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Watu walisema mvua ya mwaka huu haijapata kuonekana. Eliya alisimama kuwashukuru majirani, akanitaja mimi kwa jina, akasema mama yake alimaliza maisha ndani ya nyumba nzuri kwa sababu ya fundi Mika, ambaye ni kama kaka kwake. Watu wakageuka kunitazama. Nikainamisha kichwa. Wakadhani ni majonzi.

Tembe nyingine nne nilikuwa nimezivalisha. Baada ya siku za matanga nilichukua nyundo na patasi nikaenda moja moja, nikabomoa lipu yangu yote mpaka kwenye udongo. Sikuwaambia kwa nini. Niliwaambia saruji ya siku zile ilikuwa mbovu, imechanganywa dukani. Katika nyumba mbili nilikuta nguzo zimeanza kuliwa tukazibadilisha. Watu walinisifu kwa uaminifu, kwamba fundi gani siku hizi anarudi kurekebisha bila kuitwa. Na wapo ambao hadi leo hawakanyagi dukani kwa yule mzee wa Kihindi kwa sababu ya maneno yangu. Alikufa akiwa hajui kosa lake ni nini, nami niliendelea kununua kwake na kumwamkia.

Nilikaa na jambo hilo zaidi ya miaka kumi. Nilijenga nyumba nyingi mjini zilipoanza kuota, nyumba za tofali na bati, nzima zote. Nilikuwa fundi mkali kuliko Mzee Chidawali. Vijana walinikimbia kwa sababu nilikuwa nawabomolesha kazi kwa kasoro ya unene wa kucha. Hawakujua ninambomolea nani.

Siku moja Eliya, ameshastaafu, alinitumia habari kwamba anajenga Nzuguni na anataka mimi nisimamie. Nilikwenda. Msingi ulikuwa umechimbwa vizuri. Akanipa kigoda, akaanza kunieleza vyumba. Nikamkatiza. Nikamweleza yote: nguzo, maji, mlango, panya, kisahani, nyumba nne, uongo wa saruji. Nilisema nikitazama ule msingi. Sikuweza kumtazama yeye.

Eliya aliokota kokoto, akaitupa kwenye msingi. Kisha akaniuliza, "Alikuita mara ngapi?"

Nikasema mara mbili.

"Tatu," alisema Eliya. "Ya tatu alikuja kwako mwenyewe, kwa miguu, wiki moja kabla. Aliniambia. Uliza nyumbani kwako."

Hakunifukuza wala hakunitukana. Alisimama akaenda kuwaangalia mafundi wanaopanga mawe, nami nilipoona harudi nikaondoka. Nyumba ile ilijengwa na mtu mwingine.

Mke wangu alikuwa anachambua choroko nilipofika. Nikamuuliza kama Mama Eliya alipata kuja hapa mwaka ule wa mvua. Mikono yake ikasimama. Akasema ndiyo, alikuja, amechoka, miguu imejaa vumbi, akaniulizia. Nilikuwa nimekwenda mjini kununua saruji. Nikamuuliza mbona hakuniambia hata siku moja, miaka yote ile. Akasema alipanga kuniambia jioni ile, nikarudi nimechelewa na furaha ya kazi mpya, akaona ataniambia kesho, na kesho ikapita, kisha nyumba ikaanguka, na baada ya hapo angeniambiaje.

Nikamuuliza mama alisema nini.

"Alikunywa maji," mke wangu akasema. "Akaniambia nisikusumbue, una kazi nyingi."